Mhuri Mzuri Mno: Mikoba ya Bastola za Kijerumani

FRANK: Haya tuko hewani, leo ni mikoba ya bastola za Wajerumani za vita vya pili, P08 ambayo wengi mnaijua kama Luger, na P38 ya Walther. Kuna msikilizaji yuko Ulaya katuma picha za mkoba anaotaka kuununua, P08, ngozi nyeusi, mhuri wa nyuma umekaa safi sana, ndege tai, namba, mwaka, kila kitu.

MWANAIDI: Na huo usafi ndo unanitia wasiwasi. Mi mhuri naangalia mwisho kaka Frank, maana tapeli anaghushi nini? Anaghushi kile kinacholipa.

FRANK: Da Mwana tuanze na huo mhuri basi, wengine hata hawajui ni wa nini.

MWANAIDI: Sawa. Geuza mkoba, nyuma pale kwenye vitanzi vya mkanda unakuta jina la kiwanda, mji na mwaka, P.08 au P.38, halafu katai kadogo na herufi WaA na namba, hiyo ya mkaguzi wa ofisi ya silaha ya jeshi. Kuanzia 1940, 41 hivi majina ya viwanda yakaanza kuondolewa zikawekwa herufi tatu za siri, gxy kwa mfano ni Gebrüder Klinge wa Dresden, jhg ni Gustav Genschow, na mwisho mwisho wa vita zikaja namba ndefu ndefu zilizotenganishwa kwa alama ya mkwaju (/).

FRANK: Kwa hiyo mtu akikuletea P.38 imegongwa 1936...

MWANAIDI: Akalale nayo! Bastola yenyewe jeshi limeipitisha 1938, mkoba umetangulia kwenda wapi?

FRANK: Hahaha, haya.

MWANAIDI: Ila hao ni matapeli wavivu. Mbaya ni yule anayechukua mkoba halali kabisa wa vita, wa kawaida, anaugonga alama za SS, kile kikosi cha chama cha Wanazi, bei ipande. Hapo ngozi ya kweli, uzi wa kweli, mhuri wa uongo, na mtu anayejua nusu nusu anapita na maji.

FRANK: Unamkamataje huyo?

MWANAIDI: Chukua lenzi angalia ndani ya herufi. Mhuri uliopigwa ngozi ikiwa mpya umezeeka nayo, chini kuna uchafu na rangi ya kiwi ya miaka, kingo zimelainika. Ukigonga ngozi kavu ya miaka themanini inapasuka, unaona vinyufa pembeni ya herufi na chini rangi imepauka ni mpya wakati pembeni kote kumechakaa.

FRANK: Na uzi?

MWANAIDI: Uzi naupenda kuliko mhuri. Washa taa ya UV, ile ya kukagulia noti bandia, gizani, nyuzi nyingi za kisasa zinang'aa nyeupe ya bluu, za zamani kwa kawaida hazing'ai hivyo. Ila si hukumu ya mwisho, mkoba unaweza ukawa umeshonwa upya na fundi viatu miaka ya sabini, basi angalia matundu, kama sindano imepita kwenye matundu ya zamani au yapo mengine yamebaki wazi. Halafu fungua kifuniko, P08 ina kamfuko kadogo ka kifaa cha kufungulia bastola, na nje ubavuni kuna mfuko wa magazini ya akiba.

FRANK: Kuna kitu wengi wanachanganya, Ujerumani Mashariki.

MWANAIDI: Ehee! Baada ya vita polisi wa kule waliendelea kubeba P08 na P38, mikoba ikashonwa mingine inayofanana, sasa ile si feki, ni ya kweli ila si ya vita, muuzaji anakaa kimya tu. Na mingine ya kahawia imepakwa nyeusi baadaye, chungulia nyuma ya vitanzi utaona rangi ya asili.

FRANK: Mi kuna mzee aliniambia wana mkoba wa Mjerumani nyumbani tangu vita ya Tanga, una tai na WaA.

MWANAIDI: Vita ya Tanga ni Novemba 1914, kaka. Tai na WaA vimeanza miaka ya thelathini. Mkoba unaweza ukawa halali kabisa, hadithi ndo haiendani nao.

FRANK: Sasa wa msikilizaji wetu?

MWANAIDI: Nimekuza picha. Mwanzo muuzaji alikuwa ameziba swastika, ile nembo ya Wanazi, na kibandiko, hilo halinisumbui, Ujerumani sheria inakataza kuonyesha. Ila picha ya pili iko wazi na chini ya herufi ngozi ni ya rangi ya biskuti wakati mgongo wote mweusi umechakaa. Kwa bei ile aache. Akipewa kwa bei ya mkoba usio na mhuri, mshono naona ni wa zamani kweli, achukue.