Mwandikeni Shomoro

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha tena. Wengine humu mmeshanisikia mara tatu nne na mnajua nitaanzia wapi. Nitaanzia hapo hapo, kwa kuwa bado naletewa orodha za ndege zisizo na shomoro.

Namuuliza mtu, "Umehesabu ndege uani kwako?" Ananijibu, "Sikuhesabu, leo hapakuwa na kitu. Shomoro tu." Shomoro tu! Hilo neno "tu" ndilo ninalopambana nalo miaka yote hii.

Sikilizeni habari ya Uingereza. Mwaka 1979 chama chao cha kulinda ndege, RSPB, kiliwaomba watoto wakae saa moja mwezi wa Januari, waangalie bustani zao na kuandika ndege waliowaona. Watoto, narudia. Hawakuchagua ndege wa fahari. Walioshuka ndio walioandikwa, na shomoro walijaa kwenye zile karatasi. Zoezi likarudiwa Januari iliyofuata, na nyingine, watu wazima nao wakaingia, na hadi leo linaendelea.

Sasa angalieni kilichotokea. Kwa miaka mingi mfululizo shomoro ndiye aliyeongoza ile orodha ya Uingereza. Ukichukua karatasi ya mwaka mmoja peke yake utasema, huyu ndege hana shida, mbona ndiye wa kwanza? Lakini iweke kando ya ile ya 1979. Wastani wa shomoro kwa bustani moja umeshuka kwa zaidi ya nusu. Ndege yule yule anayeongoza! Mwaka 2002 wakamwingiza kwenye orodha nyekundu ya ndege wa nchi ile wanaohitaji kuangaliwa kwa haraka. Na hakuna mtu aliyeamka asubuhi akaona pengo. Walikuwa kumi, wakawa tisa, mwaka mwingine wanane, na jicho likazoea kila idadi kana kwamba ndiyo iliyokuwapo tangu zamani. Jicho husahau. Karatasi ya mtoto wa 1979 haikusahau.

Mimi ninayo madaftari yangu ya miaka ya mwanzo. Mwewe aliyepita juu mara moja nimemwandika, na saa, na upepo ulikotoka. Shomoro waliokuwa wakigombania makombo mlangoni kila asubuhi sikuwaandika hata siku moja. Leo ukiniuliza walikuwa wangapi, sina jibu, na hakuna njia ya kurudi kuwahesabu. Linaniuma, na ndiyo sababu nawasumbua.

Najua kuna anayesema moyoni: hawa si wataalamu, watakosea. Watakosea, ndiyo. Lakini maelfu ya watu wakihesabu kwa kanuni moja mwaka huu, na kwa kanuni hiyo hiyo mwaka ujao, sehemu kubwa ya makosa yao hufanana, na mabadiliko makubwa huonekana juu ya makosa hayo. Ndiyo maana kanuni tusiichezee. Ukiona shomoro watatu, wakaruka, kisha wakaja watano kwa pamoja, andika watano. Usiandike wanane. Andika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja, kwa sababu kunguru mmoja akienda na kurudi mara kumi, bado ni kunguru mmoja.

Na hapa ndipo "tu" yenu inapoharibu kazi. Ukituma orodha yako kwenye eBird, mfumo wa mtandaoni wa kukusanya orodha za ndege ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, unaulizwa swali moja ambalo watu hulipita mbio: je, umeandika ndege wote ulioweza kuwatambua? Ukijibu ndiyo kwa ukweli, basi hata ndege asiyekuwemo ametoa habari: mtu alikaa pale, kwa muda ule, na hakumwona. Ukichagua wazuri ukaacha wa kila siku, mtafiti hawezi kujua kama shomoro hakuwepo au ulimdharau. Unapojibu ndiyo huku umemruka, umemfuta shomoro uani kwako naye yuko mlangoni!

Mnataka mfano wa Marekani? Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970. Sehemu kubwa ya hesabu zile zilikusanywa na watu wa kujitolea, na hasara kubwa ilikuwa kwa ndege wa kawaida kabisa. Wa kawaida!

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya mengine nayapitia haraka. Kila Februari kuna siku nne za kuhesabu ndege wa uani dunia nzima. Dakika 15 zinatosha, palipo na ndege popote. Dakika zile ziandike, maana idadi bila muda haina kazi. Kama unawawekea ndege chakula, safisha chombo, kwani ndege wakirundikana kwenye chombo kichafu huambukizana magonjwa. Programu za simu zinazotambua sauti ni msaada mzuri, ila tafuta ndege kwa macho kabla hujaandika jina ulilopewa na simu. Nilitaka kueleza pia hesabu ya ndege ya Krismasi ya Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, iliyoanza mwaka 1900 na watu 27, lakini hiyo tuiache.

Maswali. Ndiyo, mama pale nyuma.

Hapana mama, si lazima umjue kila ndege. Usiyemjua usimkisie, mwache, na orodha yako bado imekamilika, kwa kuwa swali linahusu wale ulioweza kuwatambua. Uani kwako unawajua wangapi? Wanne? Basi kesho asubuhi kaa dakika 15 na uwahesabu hao wanne. Shomoro yumo? Vizuri. Anza naye.