Kutengeneza ufunguo wa kusimba (kufunga data isisomeke) kutokana na neno la siri

Karibuni, watazamaji. Leo tunafunga daftari la mauzo la wakala wa sangara pale Mwaloni Kirumba, Mwanza: faili moja lenye majina ya wavuvi, kilo na madeni. Laptopu ikiibwa, mwizi asisome hata mstari. Tutatumia Python.

Neno la siri si ufunguo. AES-256, njia ya kusimba tutakayotumia, inataka ufunguo wa baiti 32 zisizobashirika, na "sangara2024" ina herufi 11 ambazo yeyote anayeijua kazi hii ataanza nazo. Kulipitisha neno mara moja kwenye SHA-256, hesabu ya haraka inayogeuza maandishi kuwa baiti 32, hakusaidii, maana kadi ya grafiki hujaribu mamilioni kwa mamilioni kila sekunde. Tunahitaji hesabu inayokula muda na memori. Hiyo ni scrypt, aliyoibuni Colin Percival mwaka 2009.

Kwanza chumvi, yaani baiti za nasibu zinazochanganywa na neno la siri. Andika:

chumvi = os.urandom(16)

Usitumie moduli ya random. Matokeo yake yanabashirika. Chumvi haifichwi, lakini kila faili liwe na yake, ili mawakala wawili wenye neno moja wapate funguo tofauti.

Sasa ufunguo wenyewe:

ufunguo = hashlib.scrypt(neno.encode("utf-8"), salt=chumvi, n=2**17, r=8, p=1, maxmem=256*1024*1024, dklen=32)

Twende taratibu hapa, wengi hukwama. n ni kiwango cha kazi, r ni ukubwa wa bloku, p ni mara ngapi hesabu inarudiwa, na dklen ni urefu wa ufunguo kwa baiti. Memori inayotumika ni 128 × n × r, yaani MiB 128. Usipoweka maxmem, OpenSSL (maktaba ambayo Python inaitumia kwa hesabu hii) inakuwekea kikomo cha MiB 32 na programu inakatika ikilalamika kwamba memori imepita kiwango. Watu hupunguza n mpaka kosa litoweke. Tafadhali usifanye hivyo: umempunguzia mwizi kazi. Ongeza maxmem. Na dklen usiisahau. Bila hiyo unapewa baiti 64, AES inazikataa.

Pima muda kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote zitakazotumika, si kwenye yako. Sekunde moja hivi kila anapofungua, wakala atavumilia. RAM ikiwa ndogo kweli, tumia n=2**15 na p=3, na maxmem ibaki vilevile.

Mwanzoni mwa faili andika toleo, chumvi, n, r na p. Ufunguo usiandikwe popote. Ukizificha n, r na p ndani ya kodi tu, siku utakayoziongeza mafaili ya zamani hayatafunguka.

Kusimba, chukua AESGCM kutoka maktaba ya cryptography: ni AES katika mtindo wa GCM, unaosimba na pia kugundua data ikibadilishwa. Kila unapohifadhi, tengeneza nonsi (namba ya kutumika mara moja tu) mpya ya baiti 12 kwa os.urandom na uiandike kwenye faili. Nonsi ikirudiwa kwa ufunguo uleule, usalama wa GCM unavunjika kabisa, kwa hiyo msifanye mzaha nayo. Ule utangulizi wa faili, yaani toleo, chumvi, n, r na p, upitishe kama data ya ziada inayothibitishwa, asije mtu akabadilisha n bila kugundulika.

Mwambieni wakala mapema: neno likisahaulika, hakuna njia ya nyuma. Aliandike kwenye karatasi, aifungie mbali na laptopu.

Mwisho, jaribu. Fungua kwa neno lisilo sahihi, kisha kwa neno sahihi huku umebadilisha baiti moja katikati ya faili. Mara zote mbili lazima upate InvalidTag, yaani kosa la kwamba uthibitisho umeshindikana. Faili likifunguka, kagua ulivyoita decrypt kabla hujampelekea mtu programu hii.