Namna ya kuchunguza vitu vya baharia wa 1545 kabla ya kuvitengeneza

Karibuni sana. Leo tunamtafuta baharia wa kawaida wa Uingereza: alichania nini nywele, alivaa nini miguuni, alilia chakula kwenye chombo gani. Ukitaka kuigiza maisha ya kale mbele ya watu, acha upanga kwanza. Watu watataka kushika bakuli lako na kuuliza kijiko kimetengenezwa kwa nini.

Anza kwa kuchagua mtu, mahali na mwaka. Zama za Kati, kwa mfano, ni karibu miaka 1,000, na ukitafuta kwa jina hilo tupu utazama. Mimi nimeandika juu ya daftari: baharia, Portsmouth (mji wa bandari kusini mwa Uingereza), 1545.

Sababu ni Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza. Ilizama karibu na Portsmouth tarehe 19 Julai 1545 na kuibuliwa Oktoba 1982. Matope yaliifukia sehemu kubwa, hewa ikakosa njia, ndiyo maana mbao, ngozi na sufu vilidumu. Vitu vyake vina makumbusho yake palepale Portsmouth.

Sasa tafuta picha za machanuo yake. Yalipatikana zaidi ya 80. Chagua picha yenye rula pembeni, uikuze. Umeona? Chanuo lina pande mbili: huku meno mapana ya kufumua nywele, huku meno membamba yaliyobanana, ya kutoa chawa na mayai yake. Mengi yalichongwa kwa mti wa Buxus, mgumu, usiovunjika meno ovyo. Pima urefu, hesabu meno, andika yote.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na wengi huiruka: jiulize ni nini hakikubaki. Angalia viatu vya ngozi vya meli hiyo. Pembezoni kuna safu ya matundu ya sindano, lakini uzi hakuna. Uzi wa kitani ulioza. Na kama uzi ulioza, mashati ya kitani nayo yaliozea humohumo. Ukitengeneza kwa kufuata vilivyobaki tu, baharia wako atavaa sufu juu ya ngozi tupu, na huo utakuwa uongo.

Pengo hilo lizibe kwa maandishi. Huko Uingereza, mtu akifariki, majirani waliingia nyumbani wakaandika mali yake na thamani yake: shuka, sufuria, mashati. Soma kwa tahadhari. Vitu vya bei ndogo mara nyingi vilirundikwa kwenye mstari mmoja, na mke aliyefia kwenye ndoa kwa kawaida hakuandikiwa orodha, kwani mali ilihesabiwa ya mume.

Kisha michoro. Ile ya harusi ya wakulima ya mchoraji Pieter Bruegel, iliyoko Vienna, Austria, inamwonyesha mbeba chakula aliyechomeka kijiko kwenye kofia. Inapendeza mno! Lakini ni Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, na ni zaidi ya miaka 20 baada ya meli yetu kuzama. Inakupa wazo la kwenda kutafuta, haikupi ruhusa ya kuiga.

Mwisho, chora safu tatu daftarini: kitu chenyewe, maandishi, mchoro. Kila kitu kitie alama kwenye safu yenye ushahidi wake. Chenye alama mbili, kitengeneze. Chenye moja, kiwekee alama ya kuuliza, na mtazamaji akikuuliza, mwambie ushahidi wako umeishia wapi.