Anzeni na Shali, Sweta Litakuja

Kamwene! Asanteni. Mama mmoja kaniuliza pale mlangoni, "Mwalimu, leo tena shali?" Ndiyo mama yangu, leo tena shali, na mwakani mkiniita ni shali.

Maana naona tunavyofanya. Binti anakuja mwezi wa Juni, baridi ya Njombe inauma, anataka kujifunza kufuma. Sisi tunamwanzishia sweta. Sweta! Lina mikono miwili inayotakiwa kulingana, lina shingo, lina kwapa. Akifika kwapani anakosea hesabu, anafumua, anakosea tena. Kazi inaingia kwenye mfuko, mfuko unaingia uvunguni, na huyo binti humwoni tena. Mimi nilianzishwa hivyo shuleni, kwa njiti za gurudumu la baiskeli. Mkono mmoja ulitoka mfupi, nikachapwa, nikakaa miaka 11 sijashika sindano. Miaka 11, ndugu zangu! Ndiyo maana sichoki kulisema hili.

Shali ya pembetatu haina kwapa. Unaanza na vitanzi 3 vya uzi kwenye sindano. Katika kila mstari, kitanzi cha kwanza unakifuma mara mbili: ingiza sindano mbele yake, vuta uzi, usikiachie, ingiza tena kwa nyuma, vuta, ndipo ukiachie. Kimoja kimezaa viwili. Vilivyobaki fuma kawaida hadi mwisho, geuza, rudia. Basi. Kila mistari miwili inakupa tuta moja, kama matuta ya viazi, na anayehesabu matuta hapotei.

Nishikie hapa, dada. Tazameni: ncha hii ya chini ndipo nilipoanzia, inakaa mgongoni. Pembe hizi mbili unazifunga kifuani, mikono inabaki huru kumenya viazi na kubeba mtoto.

Najua yupo anayesema shali ni vazi la bibi. Kwani kitenge hujitupii mabegani kila asubuhi? Umbo umeshalizoea. Tofauti ni kwamba yale matuta yanashika hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo joto lenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapolia. Tuseme unataka kuishia na vitanzi 200 kwenye sindano. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 5 na nusu, utapata upana wa sentimita 125 hivi. Ukifika 100 unasema umefika nusu. Hapana! Umefika robo. Mistari inarefuka kila unapogeuza. Nusu ya kweli iko pale sindano inapokuwa na vitanzi 141. Ukijumlisha vitanzi vya mistari yote, shali nzima ni kama vitanzi 20,000, na nusu yake yote imo katika ile mistari 59 ya mwisho. Mama mmoja tuliyekuwa naye darasani alifika 100 akiwa amemaliza donge moja la uzi. Akanunua la pili, moja tu, akaamini litamfikisha. Likaisha kwenye 141. Akarudi dukani, rangi ile haipo tena. Alihitaji madonge manne. Uzi ununuliwe wote siku moja, tena wote wenye namba ileile ya rangi. Mkinisahau kwa yote, hili mlishike.

Kuna swali la pesa, nalijua. Sindano: mianzi tunayo, na si ya pombe ya ulanzi peke yake. Chonga vijiti viwili, vyembamba kidogo kuliko penseli, upige msasa hadi visikwaruze uzi. Njiti ya baiskeli ni milimita 2, itakupa shali ngumu kama ubao. Uzi: sweta la mtumba lililotoboka linafumuliwa. Angalia kwanza mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi, utapata vipande vifupi tu, liache. Likiwa zima ubavuni, fumua, osha uzi, uning'inize ukauke unyooke.

Na jaribuni kipande kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuwa majivu. Akriliki, yaani uzi wa plastiki, inayeyuka na kuganda donge gumu. Sisi tunaota moto, mama zangu, tunainama juu ya jiko na watoto mgongoni. Akriliki ikishika moto inagandia ngozi. Ukiwa na uzi huo, shali ivuliwe kabla ya kupika.

Nimeonyeshwa saa. Kufunga vitanzi vya mwisho, basi, kwa haraka: bakiza uzi mara nne ya upana wa shali, na ufunge kwa mkono mlegevu, kwa sindano nene zaidi kama unayo. Ukikaza, ule ukingo mrefu unajikunja na haukai mabegani. Kuosha na kuinyoosha tutafanya siku nyingine. Vijiti vya mianzi viko hapa mezani na uzi upo. Asitoke mtu kabla hajaanzisha vitanzi 3.