Mnyama Anayejivuta Hadi Kuchanika

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, habari za jioni.

Nikija hapa nimepitia Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, hapa Mwanza. Mafundi wa nyavu walikuwa chini, wavu magotini, wakitafuta palipochanika. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake huhamia kwa nyuzi za jirani. Naomba tulishike hilo, kwani mnyama ninayemleta leo ni wavu ulio hai.

Mwaka 1883, huko Graz, Austria, Franz Eilhard Schulze aliona kitu bapa kikitambaa kwenye tangi la maji ya bahari. Akakiita Trichoplax adhaerens. Ziwani kwetu hayupo. Ni wa bahari. Upana wake ni milimita chache, wembamba wake unaushinda unywele. Hana misuli, hana neva, hana mdomo wala tumbo. Ni tabaka mbili za seli, na seli chache katikati.

Seli za tabaka la chini zina vinyweleo vya kutembelea, na hakuna ubongo wa kuziamuru. Seli hizi zikielekea Igoma na zile Ilemela, kila kundi na upande wake, mwili unavutwa na wenyewe. Mbona hauraruki kila dakika?

Tabaka la juu lina jibu la ajabu, na kwangu ndilo tamu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba seli moja ya huko inaweza kujikunja hadi nusu ya eneo lake kwa sekunde moja hivi. Seli za ngozi za wanyama wengine waliopimwa zilikuwa za polepole mara kumi au zaidi. Watafiti walipendekeza hivi: seli inayovutwa kupita kiasi hujikaza isipasuke, na jirani yake aliyelegea hutanuka kumpa nafasi. Wavu wa Mwaloni hauwezi hilo. Uzi wa nailoni haujui kwamba unakaribia kukatika.

Tabaka la chini lina njia nyingine. Seli huteleza, zinabadilishana majirani, na tishu inarefuka bila kukatika. Mvuto ukizidi, tundu linafunguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza matundu hayo mwaka 2021: mengine huziba, mengine hupanuka mpaka mnyama anabaki kama pete, kisha kama kamba. Kamba ikikatika hatuzungumzii msiba, jamani. Trichoplax huzaliana kwa kugawanyika, na kila kipande huondoka kikitambaa, kikitafuta mwani wa kula.