Alideka au Alizidiwa?

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalisema tena, kwa sababu wiki iliyopita mfasiri wangu aliniletea ukurasa wa tafsiri wenye kosa lilelile. Neno la Kiingereza "meltdown," linaposemwa juu ya mtoto, si hasira. Wala haitoshi kuandika "mtoto aliyeyuka," maana kwetu aliyeyeyuka ni yule uliyekuwa naye sasa hivi, ukigeuka humwoni.

Turudi kwenye mitambo, kwenye vinu vya nyuklia, ambako neno hilo husemwa kiini cha kinu, yaani sehemu yenye fueli, kinapoyeyuka. Tarehe 28 Machi 1979, alfajiri, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, pampu za maji zilisimama. Baada ya sekunde chache kinu kikajizima chenyewe. Shikeni hapo: kilijizima. Vali ya kupunguza shinikizo ilikuwa imefunguka, na ilipotakiwa kufunga ikakwama. Katika chumba cha waendeshaji kulikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ikazimika, wakaamini vali imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Vali yenyewe imefanya nini, haikujua. Maji ya kupozea yakavuja kwa zaidi ya saa mbili, na waendeshaji, wakidhani maji yamezidi, wakapunguza hata yale ya dharura. Karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Mtu ataniuliza: kama kinu kilishazimika, joto lilitoka wapi? Hapo ndipo penye neno lenyewe. Mabaki ya atomi zilizopasuliwa huendelea kutoa joto. Kinu kikishazimwa tu, joto hilo huwa kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yake yote. Lisipoondolewa hujilimbikiza mpaka chuma kishindwe. Hakuna aliyewasha moto. Joto limekosa pa kutokea.

Sasa mtazameni mtoto mwenye usonji (autism) kwenye ukumbi wa sherehe. Taa kali, vipaza sauti, kila mgeni anamshika shavu. Ametulia tangu asubuhi, na sisi tunasema leo yuko sawa. Taa imezimika, vali iko wazi! Mara kajitupa chini, viganja masikioni, analia mpaka sauti inakauka. Na mfasiri wangu kaandika: "alideka." Jamani! Anayedeka huchungulia kama unamtazama, na ukimpa anachotaka hunyamaza. Huyu hana anachodai. Mpeni pipi kumi, ataendelea kulia, kwa sababu kinachomuumiza bado kipo: kelele, mwanga, mikono ya watu. Mtoeni nje, mpeni kimya.

Mtasema Waingereza wenyewe hulitumia neno hilo kwa yeyote aliyepiga kelele ofisini. Ni kweli, na hapo andikeni "alifoka," sina ugomvi. Lakini kwa mtoto huyu tuna neno letu, tena la wauguzaji: kuzidiwa. Mgonjwa akizidiwa, nani humgombeza?

Habari ya fedha nitaipitia haraka. Mwaka 2008, benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilipofilisika mwezi Septemba, magazeti ya Kiingereza yalijaa neno hili; hapo "kuporomoka" kunatosha.

Ukurasa ule nimeurudisha kwa mfasiri. "Alideka" nimelikata kwa kalamu, na juu yake nimeandika "alizidiwa."