Sakafu Inalia Upande wa Jikoni

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, na pembeni yangu yupo Fundi Salim, seremala wa sakafu kwa miaka mingi. Fundi, leo mimi ndiye mwenye tatizo. Nina wiki ya tatu kwenye nyumba mpya na sakafu ya mbao ya sebuleni inalia. Usiku nikiamka kumwangalia mtoto, nyumba nzima inaamka nami.

SALIM: Pole sana, dada. Inalia chumba kizima au sehemu?

REHEMA: Nilidhani kizima. Halafu nikafanya ulivyonielekeza kwenye simu: nikatembea hatua fupi fupi, na kila palipolia nikabandika kipande cha teipu. Nilipomaliza nikasimama mlangoni. Teipu karibu zote ziko kwenye ukuta unaopakana na jikoni.

SALIM: Basi umeshanipa nusu ya jibu. Kelele ikitawanyika chumba kizima, hasa wakati wa hewa kavu, mara nyingi mbao zimesinyaa. Ulimi wa ubao mmoja unalegea kwenye mfereji wa mwenzake, vinasuguana, au ubao unapanda na kushuka kwenye msumari. Ila kelele ikijikusanya upande mmoja, upande huo una jambo. Mbao zenyewe zikoje?

REHEMA: Nilizima taa, nikalaza tochi sakafuni imulike kwa ubavu. Mchana huoni kitu, lakini kwa mwanga ule kila ungio lilikuwa na kivuli. Kingo za kila ubao zimeinuka na katikati pana bonde. Nikiweka rula kukata upana wa ubao, mwanga unapenya chini yake.

SALIM: Ubao umejikunja kama hori. Maana yake upande wa chini umelowa kuliko wa juu. Ubao ukipata maji hauongezeki urefu kwa kiasi cha kuonekana, unaongezeka upana. Sasa chini kunapanuka, juu kumebaki kukavu, basi kingo zinanyanyuka. Kwa hiyo usihangaike na kilichomwagika juu. Tafuta maji yaliyoko chini.

REHEMA: Na mtu akikuta katikati ndipo pameinuka?

SALIM: Hapo tunasema ubao una mgongo. Huenda juu ndiko kunakolowa, mtu anapiga deki kwa kumwaga maji. Lakini kuna sababu nyingine inayoniuma kila nikiikuta. Sakafu ilijikunja kama yako, akaitwa mtu, akapiga msasa kingo zile mpaka zikalingana, akapaka vanishi, akalipwa. Miezi ikapita, chini kukakauka, mbao zikataka kurudi zilivyokuwa. Kingo zilishaliwa na msasa! Zikashuka chini ya katikati. Mwenye nyumba sasa ana sakafu ya migongo, na mbao zimekuwa nyembamba. Huwezi kumrudishia ule unene.

REHEMA: Fundi wa kwanza niliyemwita aliniambia hivyo hivyo. Tupige msasa, wiki moja kazi imekwisha.

SALIM: Nashukuru hukukubali. Kabla ya msasa ni kipima unyevu, kile cha sindano mbili unazochomeka kwenye mbao. Na usipime pabaya tu, pima na pazuri ulinganishe. Hewa ya ndani ikiwa na unyevu wa asilimia 30 hadi 50, mbao hutulia kwenye asilimia 6 hadi 9 hivi. Hewa ikifika asilimia 70, hata ubao usio na tatizo unaweza kusoma 13. Namba moja peke yake inaweza kukutisha bure.

REHEMA: Katikati ya sebule nimepata 8. Kando ya ukuta wa jikoni, 15.

SALIM: Na plaiwudi iliyo chini?

REHEMA: Niling'oa skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, nikaifikia. 19. Kisha nikaona jambo jingine: mbao zimegota ukutani, hakuna nafasi hata ya kupitisha kadi.

SALIM: Aah, hilo ni kosa la aliyeziweka. Pembeni huachwa nafasi, sentimita moja hadi mbili kutegemea mbao, ndipo skatingi inaificha. Mbao zikivimba zinapata pa kwenda. Zako hazina, na zikizidi kuvimba zitabetuka, zing'oke kabisa kutoka kwenye plaiwudi. Usirudishe skatingi kwanza. Kisha ona hiyo 19 chini na 15 juu: maji yanapanda. Hata siku ya kuweka sakafu, mbao na plaiwudi zisipishane unyevu zaidi ya asilimia 4, na mbao pana, za milimita 75 kwenda juu, zisizidi 2.

REHEMA: Nilifunga bomba zote, nikasoma mita ya maji kabla ya kulala. Asubuhi ilikuwa palepale.

SALIM: Vizuri. Bomba linaloleta maji lina presha muda wote, likitoboka mita inatembea. Lako ni zima. Linabaki bomba la kutoa maji machafu, ambalo huvuja pale tu unapolitumia, na mita hailioni. Leo jaza sinki mpaka juu, zungushia tishu kavu kwenye kila ungio chini yake, uachie maji yote kwa mkupuo.

REHEMA: Na wenye mbao juu ya zege?

SALIM: Wao waanze na zege lenyewe, hasa nyumba ikiwa mpya. Hukauka polepole, takriban mwezi kwa kila sentimita 2.5 za unene, na hapo hali ya hewa iwe nzuri. Wengi wanaharakishwa kuhamia.

*Sehemu hii tuliirekodi siku mbili baadaye.*

REHEMA: Fundi, tishu ya nyuma ya kabati imelowa. Ungio linaloingia ukutani. Nilipomulika humo, plaiwudi ni nyeusi na inanuka uvundo.

SALIM: Ndilo hilo. Fundi bomba alishughulikie leo, na ile plaiwudi nyeusi ibonyeze kwa bisibisi; ikizama, kipande hicho kitolewe. Kwingine acha wazi, weka feni ipulizie pembeni ya ukuta. Usilete joto kali, mbao zikikaushwa kwa pupa zinapasuka.

REHEMA: Kwa muda gani?

SALIM: Sikupi tarehe. Pima palepale kila wiki, namba iandike kwenye teipu zako zile zile. Pembeni pakifika karibu na 8 ya katikati, na pasibadilike wiki kadhaa, niite. Mbao nyingi hujinyoosha zenyewe, na kelele hupungua. Zitakazobaki zikilia tutazikaza na tabaka la chini kwa skrubu, moja moja.

REHEMA: Wiki ijayo nitasoma namba ya kwanza hapa hapa kipindini.